Sikio Lisilojua Utani

Programu zilikuwa tatu, na kumbukumbu ya mitambo ya kituo ilikuwa imebakiwa na nafasi ya kuhifadhi moja tu kwa kudumu.

Sekela Mwambungu aliandika majina ya zote tatu kwenye daftari la ghala: Jedwali, Ulizo, Sikio. Chini ya kila jina aliacha nusu ukurasa. Hakuwa na haraka. Alikuwa mtunza ghala wa Kisima cha Pili, kituo cha kuchimba barafu kwenye ncha ya kusini ya mwezi, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kwamba kifaa usichokijaribu kwa mikono yako mwenyewe kitakuaibisha siku ambayo huna kingine.

Watu walikuwa sita, na muhula wao ulikuwa wa miezi kumi na minne. Kila siku ya sita ilikuwa siku ya meza. Makao Makuu yaligundua zamani kwamba watu waliofungiwa pamoja hugombana kidogo zaidi wakiwa na mahali pa kugombania pasipo pa kweli. Kwa hiyo wawili walibaki kwenye mitambo, na wanne walikaa mezani. Kila mchezaji alikuwa na mhusika wake, na ukurasa ulioeleza nguvu za mhusika huyo, akili yake, hofu zake na watu wake. Sekela, mwendeshaji wa mchezo, alisimulia mabonde na hatari zake, na dadu ya pande ishirini iliamua nani amefaulu. Mchezo alijifunza peke yake kutoka kwenye kijitabu kisicho na jalada alichokikuta ghalani mwezi wa kwanza. Sasa kurasa zilizoandikwa kwa mkono zilikuwa zimechakaa kiasi cha kutosomeka, na Makao Makuu yalimruhusu achague programu moja ya kuunda wahusika na kuwatunza.

Jedwali aliijaribu kwa wiki mbili. Ilijumlisha vizuri, ikatoa vizuri, na mhusika aliyetoka humo alifanana na orodha ya vipuri. Ulizo iliuliza maswali, moja baada ya jingine, na mchezaji aliweza kujibu, kukataa kujibu, au hata kuongeza swali lake mwenyewe. Ilichosha. Kuunda mhusika mmoja kulichukua saa nzima, na Fundi Gama alisinzia kwenye swali la thelathini.

Sikio haikuuliza chochote. Kwenye dari ya kila chumba, na kwenye redio ya shimoni, palikuwa na kinasa sauti kilichowekwa kwa ajili ya dharura. Sikio iliazima vinasa hivyo kwa siku kumi, ikapima maneno ya kila mtu, kasi ya maneno hayo, vicheko na ukimya, kisha ikaunda mhusika kwa sekunde nne. Majaribio yalikuwa ya siku thelathini, na kwa muda wote huo ingeendelea kusikiliza na kurekebisha kurasa. Sekela alisoma masharti yote, na kifungu cha tisa alikisoma mara mbili: nakala ya ukurasa wa kila mhusika itatumwa duniani, kwenye Ofisi ya Zamu, inayopanga nani afanye kazi na nani. Aliwasomea wenzake kifungu hicho wakati wa chakula. Hakuna aliyeacha kutafuna.

"Ni mchezo, dada," alisema Kihwele, kijana wa shimoni. "Wasome mpaka wachoke."

Sekela naye aliona hivyo, akatia saini.

*

Siku ya kumi na moja walikaa mezani kuona Sikio imewapa nini.

"Funika sufuria, Mngoni," Kihwele alisema. "Juzi dadu yako ilipaa tukaikuta kwenye uji wa Mkuu."

"Dadu za mashujaa huruka," Fundi Gama alijibu, akitikisa sufuria yenye kifuniko ambamo walirushia dadu, kwa kuwa kule vitu vyepesi havikubali kutua upesi. "Za kwenu hukimbia. Zimerithi kwa babu zenu."

Kihwele alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kazi yake ilikuwa kushuka shimoni. Gama alikuwa na hamsini na nne, na kazi yake ilikuwa kushika kamba anayoning'inia Kihwele. Mmoja Mhehe, mwingine Mngoni. Makabila yao yalipigana enzi za mababu, na tangu hapo wakawa watani. Kuhusu vita hivyo kila upande husimulia kwamba ni mwenzake aliyetimua mbio. Gama alimwita Kihwele "mateka wangu." Kihwele alimwita Gama "mtoto wa mtoro." Walianza wakati wa chai na kuendelea kwenye redio ya shimoni mpaka zamu iishe, na kwa miezi kumi na mmoja hakuna hata mara moja kamba ilipoteleza.

Sekela aliwagawia vishikwambi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Mkuu wa kituo, Bi. Shemdoe, mwanamke wa Lushoto mwenye sauti ya chini, ambaye siku zote alichagua kuwa askari mwenye shoka. Sikio haikumpa shoka. Ilimpa mkunga wa kijijini anayeogopa mvua, kwa sababu mvua ndiyo iliyomchelewesha siku moja, miaka mingi nyuma. Mkuu aliusoma ukurasa ule mpaka chini. Kisha akauanza upya.

"Huyu nitamcheza," alisema.

Sekela aliandika maneno hayo kwenye daftari. Haikuwa haki kuficha kwamba programu ile ilikuwa na kipaji.

"Haya, mzee," Kihwele alisema. "Wewe umekuwa nani? Kuku?"

"Mlinzi wa daraja," Gama alisoma, kishikwambi akikishika mbali na macho. "Nguvu kumi na nne. Uvumilivu kumi na nane. Hapa chini pameandikwa Mahusiano. Chuki dhidi ya Kihwele, kumi na saba kati ya ishirini. Ushahidi, matamshi ya dharau mia mbili na kumi na mawili ndani ya siku kumi." Akainua macho. "Mia mbili tu? Ndiyo, siku tatu nilikuwa na mafua."

Kihwele alicheka mpaka akashika meza. "Mimi nimepewa kumi na sita. Mashine inapendelea wazee."

"Inajua nani alimteka nani."

Sekela alicheka pia. Mkuu Shemdoe hakucheka. Alikuwa anaangalia pembe ya juu ya ukurasa, penye alama ndogo ya kuonyesha kwamba nakala imekwishatumwa.

*

Mwanzoni Sekela alidhani redio ya shimoni imeharibika.

Aliiweka ghalani, ikilia kwa sauti ndogo anapopanga vifaa, na alikuwa amezoea kusikia matusi ya vita vya kale yakipishana na vipimo vya kina. Sasa zilibaki namba tupu. Kamba tayari. Nimepokea. Mita kumi. Nimepokea. Alifungua redio, akasafisha viungo, akaifunga. Redio ilikuwa nzima.

Siku ya tisa ya ukimya ule, habari ilifika kutoka Kilolo: mama mkubwa wa Kihwele, dada ya mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu, amefariki. Wote walimjua. Kila wiki alipiga simu, na kila wiki alipaza sauti kana kwamba lazima ifike mwezini yenyewe bila kusaidiwa na mtambo. Walikusanyika chumba cha chakula. Mmoja mmoja walimshika Kihwele mkono. Gama alikuja wa mwisho, amechana nywele.

"Pole sana, ndugu Kihwele," alisema. "Mungu ampumzishe."

Kihwele alimtazama kwa muda, kama mtu anayesubiri sentensi imalizike. Gama aliinamisha kichwa, akaondoka.

Siku tatu baadaye Mkuu Shemdoe alimwita Sekela ofisini. Mezani palikuwa na ujumbe uliochapishwa.

"Kihwele ameomba abadilishiwe mshika kamba," Mkuu alisema. "Nilimuuliza sababu. Akasema hawezi kuning'inia kwenye kamba ya mtu ambaye yeye hajui anamuwazia nini. Nililazimika kupeleka ombi lake chini. Kule wameliweka pamoja na ile kumi na saba ya mchezo wako. Soma."

Ujumbe ulikuwa wa mistari minne. Kwa kuzingatia viashiria vya uhasama, Fundi Gama atarejeshwa nyumbani na chombo kinachofika baada ya siku kumi na moja. Hatapewa tena kazi ya jozi.

Sekela aliusoma polepole. Gama alikuwa amebakiza mita tisa kufika kwenye tabaka la barafu safi alilolitafuta kwa miezi kumi na mmoja. Na fundi asiyepewa kazi ya jozi, mwezini, ni fundi asiye na kazi.

"Lakini angalia na huu," Sekela alisema, akafungua ukurasa mpya ambao Sikio ilikuwa imeutoa asubuhi ile. Chuki dhidi ya Kihwele, tatu. Uhusiano umepona kwa kiasi kikubwa. "Inasema sasa wanapatana."

"Wanapatana gani, wakati mmoja hataki hata kushikiwa kamba na mwenzake?"

Mkuu alizungusha kalamu mezani.

"Wewe una ufunguo wa majaribio," alisema hatimaye. "Unaweza kufungua sauti zenyewe. Zitafute. Lazima mahali fulani mmoja wao amesema neno litakalomtetea mzee huyu. Nipe hilo neno nami nitalipeleka."

*

Orodha ya sauti haikuwa na maneno. Ilikuwa na tarehe, chumba, muda, na idadi ya sauti zilizosikika. Sekela alishuka nayo kwa kidole mpaka siku ya msiba.

Chumba cha nne. Dakika arobaini na moja. Sauti moja.

Chumba cha nne kilikuwa cha Kihwele. Sekela alijua, bila kufungua, mtu anafanya nini peke yake kwa dakika arobaini na moja siku aliyofiwa na mama mkubwa wake. Alijua pia kwamba mtu anayelia huongea, na kwamba huenda ndani ya zile dakika limo jina la Gama na sababu yote.

Alitoa mkono kwenye kishikwambi, akauweka juu ya paja.

Alijaribu kulipima jambo kama alivyopima vitu vingine, bila kujipendelea. Mzee anapoteza kazi ya maisha yake kwa kosa la mashine, na mashine hiyo aliileta yeye. Kufungua sauti moja ni jambo dogo, na Kihwele huenda asijue kamwe. Tena Kihwele mwenyewe alikubali kusikilizwa. Alisema wasome mpaka wachoke. Hoja zilikuwa nzuri, na kila alipozipanga zilisimama. Lakini upande wa pili palibaki jambo moja ambalo halikutaka kusogea. Kihwele alikubali kusikilizwa na kitu kilichotaka kumtengenezea mhusika wa mchezo. Hakukubali kusikilizwa na Sekela. Na kama angeulizwa siku ile, akiwa amelala kifudifudi kwenye kitanda chake, angekataa.

Mlango wa ghala uligongwa. Fundi Gama aliingia akiwa ameshika glovu iliyopasuka kidole.

"Za kulia zimebaki ngapi, mwanangu?"

"Mbili. Kaa kidogo, mzee."

"Nikikaa magoti yanasahau kusimama."

"Nitakuinua."

Alikaa juu ya kreti. Uso wake ulionyesha kwamba ujumbe wa Makao Makuu amekwisha kuusikia. Sekela alimpa glovu mpya, akasubiri aijaribu kidole kwa kidole.

"Mbona hamtaniani tena?" aliuliza.

Gama aliendelea kuangalia glovu. "Siku ile ya chuki kumi na saba, Mkuu aliniita pembeni. Akasema Ofisi ya Zamu inasoma, nipunguze maneno mpaka majaribio yaishe. Ilikuwa nasaha njema. Nikasema siku ishirini ni nini? Nikafunga mdomo. Nikadhani mwenyewe atafahamu." Akafumbata vidole, akavifumbua. "Kisha mama mkubwa wake akafa."

"Ulimpa pole."

"Nilimpa pole." Alilisema kama mtu anayekiri wizi. "Mngoni mzima, nampa Mhehe pole kwa mkono ulionyooka, kama meneja wa benki. Nilipaswa kuwa Kilolo. Nilipaswa kulala ndani ya kaburi lile niwazuie wasizike mpaka wanibembeleze. Nivae kanga za marehemu, nimwigize anavyotembea, watu wacheke mbele ya jeneza. Ndiyo kazi ya mtani. Wengine wote wanakuja kulia. Yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kukuonyesha kwamba dunia haijaisha. Mimi nikamwita ndugu."

"Basi mwambie ulikatazwa."

"Mtani hajielezi, Sekela. Akianza kujieleza amekuwa jirani tu."

"Watakurudisha nyumbani, mzee."

"Nimesikia." Alisimama bila kuinuliwa. "Bado siku tisa za kazi. Glovu hii inabana kidogo, lakini nitaizoea."

Alipoondoka, Sekela aliitazama tena orodha. Sasa aliona kitu ambacho hakukiona mwanzo, na hakuhitaji kufungua sauti yoyote ili kukiona. Siku zile za chuki kumi na saba zilijaa mistari yenye sauti mbili: shimoni, chakula, ghala, sauti mbili, sauti mbili. Baada ya hapo mistari ilipungua, ikawa michache, ikaisha, isipokuwa ile mifupi ya shimoni, ya sekunde chache. Mahali ilipokoma ndipo Sikio ilipoandika kwamba uhusiano umepona.

Alifunga orodha. Akafungua Ulizo.

*

"Sijafungua sauti," alimwambia Mkuu asubuhi iliyofuata.

"Basi una nini?"

"Leo ni siku ya meza."

Mkuu Shemdoe alimtazama. "Na Sikio bado inasikiliza. Wakianza tena kutukanana, itaandika ishirini. Unataka kumzika mzee?"

"Nikiizima, Ofisi watasema tumeficha. Acha isikie." Sekela alisita, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kumwambia mkuu wake la kufanya. "Nasikia ulimkataza Fundi Gama. Najua ilikuwa kwa wema. Naomba umfungulie."

Mkuu alirudi kwenye karatasi zake. Lakini saa nne alikuja mezani na kuketi, na Kihwele akaja, kwa kuwa siku ya meza ilikuwa ya lazima, akakaa mbali na Gama kadiri meza ilivyoruhusu.

"Leo tunaunda upya wahusika," Sekela alisema. "Kwa Ulizo. Mnaweza kuruka swali lolote, na mkitaka jibu lisomwe na wengine, bonyezeni Onyesha. Msipobonyeza, halisomwi na mtu, hata mimi."

"Maswali sitini," Gama alisema kwa huzuni.

"Nimeyapunguza. Ni saba. La mwisho nimeliongeza mimi."

Walijibu kimya kimya. Mhusika wako anaishi wapi. Ana ujuzi gani. Anaogopa nini. Mkuu aliandika mkunga wake upya, kwa maneno yake mwenyewe safari hii. Gama alikuwa akiandika kwa kidole kimoja. Sekela aliona Kihwele amefika kwenye swali la saba, kwa sababu kidole chake kilisimama.

Swali lilisema: Mhusika wako akifiwa, nani ana haki ya kumchekesha?

Kihwele alikilaza kishikwambi mezani, kioo kikatazama chini. Sekela hakumhimiza; alikuwa amejiandaa kwamba Kihwele ataliruka swali, na kuliruka kungekuwa jibu pia. Baada ya muda Kihwele akakigeuza, akaandika haraka, akabonyeza Onyesha. Maneno yakatokea mbele ya kila mtu.

Alikuwepo mmoja. Hakuja.

Gama alisoma, midomo yake ikicheza, na rangi ya uso wake ikabadilika. Alitazama mikono yake.

Mkuu Shemdoe ndiye aliyekohoa. "Kihwele," alisema. "Fundi Gama nilimkataza kukutania. Siku ile ile ya chuki kumi na saba. Nilihofia Ofisi ya Zamu. Sikujua kwamba msiba utakuja, na ulipokuja sikukumbuka kumfungulia. Kosa ni langu. Fundi, nimekufungulia."

Kihwele aligeuka polepole kumtazama mzee. Gama alisimama, akatoka chumbani.

"Nimemuudhi," Mkuu alisema.

"Ngoja," Sekela alisema, ingawa hata yeye hakuwa na hakika.

Walisikia kabati la jikoni likifunguliwa. Kisha Gama akarudi, amejifunga vitambaa viwili vya kufutia vyombo, kimoja kiunoni na kingine kichwani kama mtandio, na mwendo wake ulikuwa wa mwanamke mnene mwenye haraka. Alifika mlangoni, akajilaza chini, akaziba njia yote.

"Kihwelee!" Alipaza sauti, ile ile sauti ya simu za kila wiki, ya mtu anayeamini kwamba mwezi uko mbali na yeye ndiye wa kuufikia. "Unanisikia? Mbona umekonda? Huko hawapiki ugali? Unaufuata nini huo mwezi, mwanangu, wakati hata huku tunauona?"

Kihwele alitoa sauti ambayo Sekela hakuweza kujua ni kicheko au nini.

"Ondoka mlangoni, mtoto wa mtoro," alisema.

"Siondoki. Msiba umepita sikubembelezwa. Hapiti mtu hapa, hata wa zamu. Nani alikula kichwa cha mbuzi wa msiba?"

"Sikuwepo. Nitajuaje?"

"Basi tumekikosa wote wawili," Gama alisema kwa sauti yake mwenyewe.

Hapo Kihwele akalia. Alilia kwa sauti, mikono ikiwa imening'inia, na katikati ya kulia akacheka, kwa sababu Gama alikuwa ameanza tena kumwigiza marehemu, anamuuliza Mkuu Shemdoe kama ameolewa, na kama hajaolewa anangoja nini. Wale wawili wa mitambo walikuja kubadilishana zamu, wakakuta njia imezibwa, na mmoja alipojaribu kumruka mzee alishikwa mguu mpaka akaahidi kupika.

Mchezo wenyewe haukuchezwa siku hiyo. Dadu zilibaki ndani ya sufuria.

*

Alasiri Sikio ilitoa ukurasa. Chuki ya Gama dhidi ya Kihwele, kumi na tisa. Marehemu amedhihakiwa. Mlengwa amelia kwa dakika sita. Inashauriwa watenganishwe mara moja.

Sekela alikuwa bado anausoma Kihwele alipoingia ghalani, macho yamevimba.

"Dada, nina barua ya kufuta ombi langu," alisema. "Imetoka fupi, sijui kama inatosha."

Aliisoma. Iliandikwa: Mimi, mshuka shimo, naomba kamba yangu ishikwe na Fundi Gama na si mtu mwingine. Leo amefanya msiba wa mama yangu mkubwa kama inavyotakiwa. Asipokuwepo yeye sishuki.

"Kuna sauti zako pia," Sekela alimwambia. "Mashine ilizinasa. Niliruhusiwa kuzifungua ili nimtetee mzee. Sikuzifungua. Ukitaka zifutwe leo, nitafuta mbele yako. Ukitaka zitumike, ni neno lako."

Kihwele alikaa juu ya kreti kufikiri. "Za shimoni waachie," alisema. "Wasikie tunavyoongea kazini. Ya chumbani kwangu futa."

Alifuta, naye akiangalia.

Kisha akaandika ripoti yake, jioni nzima, akikata maneno yaliyozidi. Aliweka ukurasa wa chuki kumi na tisa na barua ya Kihwele pamoja, vyote vya tarehe moja. Kuhusu Sikio aliandika hivi: Imesikia kila neno, na hesabu zake ni sahihi. Wahusika wake ni wazuri kuliko wa programu nyingine zote. Lakini siku watu hawa walipoumizana iliandika amani, kwa kuwa hawakusema kitu. Sijui kama inaweza kufundishwa. Mimi mwenyewe nimeishi nao miezi kumi na mmoja, na nilidhani redio imeharibika. Ninapendekeza Ulizo. Inachosha, lakini inaweza kuongezewa swali, na mtu anaweza kukataa kulijibu.

Jibu lilichukua siku nne. Mkuu Shemdoe alilisoma akiwa amesimama katikati ya chumba cha chakula. Agizo la kumrejesha Fundi Gama limefutwa. Jozi ibaki kama ilivyo. Ofisi ya Zamu inaomba vituo vyote vilete orodha ya watani waliopo, kwa kuwa haikuwa na fomu ya jambo hilo.

"Watatuletea kifungu cha kumi," alisema mmoja wa mitambo.

"Wakileta nitakisoma mara tatu," Sekela alisema.

Kesho yake zamu ya asubuhi ilianza kama kawaida. Sekela alikuwa ghalani, akiingiza kurasa mpya za wahusika kwenye Ulizo, redio ikilia kwa sauti ndogo. Alisikia kufuli la kamba likifungwa, mara moja, mara ya pili kwa uhakika.

"Mita tano tu, mateka wangu," sauti ya Gama ilisema. "Hata babu yako angeweza kukimbia mita tano."

"Babu yangu alikuwa nyuma ya babu yako, anamfukuza."

Upepo wa mashine ya hewa ndani ya vazi. Kisha Kihwele tena, karibu zaidi na kinasa, kwa sauti ya mtu aliyekaa kwenye ukingo wa shimo miguu ikiwa gizani.

"Umenishika, Mngoni?"

"Nani mwingine angekutaka?"

Kihwele akauachia ukingo.